Kwa Nini Tunaomba Kabati la Mafaili na Nauli

Hotuba ya Kamati ya Fedha katika hafla ya harambee ya mwaka, Dar es Salaam

 

Tumepewa dakika kumi na tano za kusoma mahesabu. Mahesabu yamekaguliwa na yamechapwa kurasa za nyuma za kijitabu hiki, kwa hiyo hatutawasomea tarakimu ambazo kila mmoja anaweza kuziona mwenyewe. Tunaomba dakika hizo tuzitumie kueleza mstari mmoja tu wa bajeti ya mwaka ujao, ule ulioleta maneno mengi kwenye kundi letu la simu. Unasomeka hivi: "Kumbukumbu za wagonjwa na nauli za rufaa, kituo cha afya." Ndugu mmoja aliandika kwamba wahasibu wameishiwa mawazo, sasa wananunua makabati. Mwingine akauliza gari la wagonjwa tuliloahidiana limeishia wapi. Ni maswali ya haki, na tutayajibu.

Miaka miwili iliyopita mtoto wa kiume wa miaka sita, wa huko kwetu kando ya ziwa, alivimba taya. Mama yake alidhani ni jino, na jino lenyewe lilikuwa linacheza kweli. Likang'olewa. Uvimbe ukaendelea, jino la pili likalegea, nalo likang'olewa, akapewa na vidonge. Safari ya tatu alionwa na afisa tabibu kijana, aliyemshika taya pande zote mbili, akampapasa tumbo, akaandika kwenye daftari la mtoto: rufaa, haraka. Familia haikuwa na nauli ya kufika Mwanza wala ya kukaa huko. Wakatupigia simu sisi.

Sasa tunasema jambo ambalo halimo kwenye taarifa ya ukaguzi. Fedha zilikuwepo benki. Lakini katiba yetu inasema matumizi yaliyo nje ya bajeti lazima yapite kwenye kikao na yasainiwe na watu watatu. Mmoja alikuwa safarini, kikao kikaahirishwa mara mbili, na hati ya malipo ikatoka siku ya kumi na mbili. Mtoto alifika hospitali ya rufaa uvimbe umejaa pande zote na tumbo limejaa. Hakumaliza wiki.

Rambirambi tulituma siku ileile tulipopata taarifa. Kifungu cha misiba kinamruhusu mhazini kutoa fedha bila kikao. Hati hizo mbili za malipo zimefuatana kwenye faili letu, ya nauli na ya msiba, na sisi ndio tuliozisaini.

Madaktari walimwambia mama jina la ugonjwa: limfoma ya Burkitt. Ni saratani ya watoto. Wengi wetu tulikuwa hatujawahi kulisikia jina hilo, na mhasibu akikuta hasara hutafuta chanzo chake, basi tukaenda kusoma. Tulichokikuta kimetuhusu kuliko tulivyotarajia.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Hugh Trowell alimwita mwenzake wa upasuaji, Denis Burkitt, amtazamie mtoto wa kiume wa miaka mitano. Mtoto amevimba taya la juu na la chini, kushoto na kulia. Burkitt, mtu wa Ireland aliyekuwa Uganda tangu 1946, hakuwahi kuona kitu cha namna hiyo. Saratani gani inashika sehemu nne za mdomo kwa pamoja? Hakuwa na jibu. Angeweza kuandika "mgonjwa wa ajabu" akafunga faili. Muda si mrefu akaenda kutembelea hospitali ya Jinja, na akiwa ndani akatupa jicho dirishani, akamwona mtoto mwingine ameketi nje na mama yake, sura ile ile. Tunasema "jicho" kwa maana yake kamili, kwa sababu Burkitt alipoteza jicho moja tangu utotoni. Akatoka, akampima, akakuta na tumbo nalo lina uvimbe.

Alichofanya baada ya hapo kila mhasibu humu ndani angekielewa. Alirudi Mulago akaomba mafaili ya zamani. Humo akakuta watoto wengi wenye uvimbe wa taya, na wengi wao walikuwa na uvimbe mahali pengine pia: figo, ini, tezi, ovari. Lakini kila uvimbe ulikuwa umeandikwa kwa kiungo chake, huyu wa taya, huyu wa figo, huyu wa jicho. Ni kama deni moja lililoingizwa kwenye leja kwa majina matano ya wadaiwa. Ukiyasoma moja moja kila moja ni dogo. Ukiyajumlisha unashtuka. Matokeo yake yalichapishwa katika jarida la upasuaji la Uingereza mwaka 1958, na ni wachache sana waliojali.

Na haikuwa kwamba ugonjwa ule ulianza mwaka 1957. Hospitali ya Mengo, Kampala, iliyoanzishwa na Albert Cook mwaka 1897, ilikuwa imetunza maelezo ya wagonjwa wake kwa mkono, miaka nenda rudi. Watafiti walipokuja kuyachambua, wakachapisha matokeo mwaka 1964, wakapata picha ya saratani katika jamii ile kuanzia 1897 hadi 1956. Karatasi zile zilikaa miongo mingi bila anayejua zitamfaa nani. Aliyezitunza hakuwa mjinga.

Burkitt akataka kujua ugonjwa unapatikana wapi na wapi haupo. Alituma karatasi zenye picha za watoto kwa hospitali za serikali na za misheni sehemu nyingi za Afrika, akiuliza swali moja: mmewahi kumwona mgonjwa kama huyu? Majibu akayaweka kwenye ramani. Kisha Oktoba 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakapanda gari la Ford la mtumba, wakashuka kusini kupitia Kenya na Tanganyika hadi Afrika Kusini. Wiki kumi, maili zipatazo 10,000, hospitali zaidi ya 50. Gharama ya safari nzima haikufika pauni 1,000. Tumeirudia hesabu hiyo mara mbili kwa sababu ya kazi yetu, na bado tunaishangaa. Fedha nyingi zimetumika duniani kupata majibu madogo kuliko hayo.

Ramani ikaonyesha kwamba ugonjwa unafuata maeneo ya joto na mvua, na kwamba nyanda za juu zenye baridi karibu haupo. Hayo ni maeneo ya mbu. Leo inajulikana kwamba malaria kali ya kurudiarudia inamdhoofisha mtoto dhidi ya virusi fulani, na hapo saratani hii hupata mlango. Virusi hivyo navyo viligunduliwa kwa njia hii hii. Burkitt alitoa mhadhara London mwezi Machi 1961, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwepo Anthony Epstein. Akaomba aletewe vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala. Miaka miwili na zaidi hakupata kitu. Desemba 1963 ndege ikashindwa kutua London kwa ukungu, ikaenda Manchester, na kichupa kikafika kimechelewa, maji yake yamechafuka kama maziwa. Mtu mwenye haraka angekimwaga. Epstein akaweka tone kwenye hadubini, akakuta si uchafu bali seli hai zinaelea. Mwaka 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong, mtu wa Trinidad, wakatangaza virusi ambavyo leo vina jina la Epstein na Barr. Vilikuwa virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu, na vilitoka kwa mtoto wa Uganda.

Wazee wetu, sasa tunafika nyumbani. Kati ya mwaka 1977 na 1982 watafiti walitaka kujua: ukizuia malaria, je, saratani hii itapungua? Walichagua Mara Kaskazini, yaani Tarime na Rorya ya leo. Watoto wa chini ya miaka kumi wakapewa vidonge vya klorokwini. Kaka na dada zetu kadhaa walioketi humu ndani, tumewauliza, uchungu wa vidonge vile bado wanaukumbuka, na hakuna aliyejua vilikuwa vya nini zaidi ya "homa". Mmoja wa walioandika matokeo, mwaka 1989, ni daktari George Brubaker aliyefanya kazi Shirati. Wagonjwa walipungua kweli. Lakini walikuwa wameanza kupungua hata kabla ya vidonge, na malaria yenyewe ikaanza kupanda tena wakati vidonge vinaendelea kugawiwa. Watafiti wakaandika hivyo hivyo, hawakujipatia ushindi usio wao. Sisi tunaosaini mahesabu tunauheshimu sana ukurasa wa namna hiyo.

Kwa hiyo mafaili ya watoto wa kwetu yamesomwa dunia nzima. Halafu nendeni kwenye chumba cha nyuma cha kituo chetu cha afya. Sisi tulikwenda mwezi wa nane. Vitabu vya MTUHA vya miaka ya nyuma vimepangwa sakafuni, mchwa wamekula hadi katikati, na vilivyobaki vimelowa kwa paa tulilolipaka rangi sisi wenyewe mwaka juzi, badala ya kuliziba. Mganga mfawidhi alipotaka kujua kama watoto wengine wenye uvimbe wa taya waliwahi kupita pale, hakuwa na pa kutazama. Mgonjwa huja na daftari lake la mazoezi, huondoka nalo, na likilowa au mtoto akilichanachana, habari yake imekwisha.

Kuna jambo moja ambalo mama wa mtoto ametuomba tuliseme kwa sauti. Ugonjwa huu unatibika. Mulago walikuwa wakiutibu kwa dawa miaka ya 1960, na baadhi ya watoto walipona kabisa, jambo ambalo wakati ule halikutarajiwa kwa saratani. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianza palepale mwaka 1967 kwa ajili ya watoto hawa. Lakini uvimbe huu ni miongoni mwa zinazokua kwa kasi kuliko zote za binadamu, unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Ndugu zetu, fanyeni hesabu ya siku kumi na mbili.

Basi tunachoomba ni hiki. Makabati ya chuma yenye kufuli, na mabati ya kuziba lile paa. Rejista moja ya ziada, ya "wagonjwa wasioeleweka", ambayo afisa tabibu ataandika umri, kijiji, dalili, tarehe ya kwanza kuonwa na aliyempokea kwenye rufaa. Simu moja ya kituo ya kumtumia picha daktari wa hospitali ya rufaa, kwa ruhusa ya mzazi. Na hapa tuseme wazi: picha ya yule mtoto ilizunguka kwenye kundi letu, na baadhi yetu tuliisambaza zaidi. Haikumfikia daktari hata mmoja. Tunaomba isirudiwe.

Cha mwisho na kikubwa ni mfuko wa nauli. Utakaa kwenye akaunti ya simu ya kituo, utasainiwa na mganga mfawidhi na mwenyekiti wa kijiji, na fedha zitatoka siku hiyohiyo rufaa inapoandikwa. Stakabadhi zitafuata. Ndiyo, sisi wahasibu tunasema stakabadhi zitafuata. Patakuwa na siku ambayo mtu atakula nauli ya rufaa, tutamkamata kwenye ukaguzi wa robo mwaka, na tutawaambia. Hasara hiyo tumeipima tukaona tunaiweza.

Gari la wagonjwa hatujalisahau. Tulipiga hesabu ya mafuta, matairi, dereva na bima, na kwa makusanyo yetu ya sasa litasimama chini ya mwembe kabla ya mwaka kwisha. Mkitaka tubishane juu ya hilo, tuko tayari baada ya chakula.

Mabadiliko ya kifungu cha katiba yamo ukurasa wa mwisho, yatapigiwa kura kabla ya mnada. Mhazini yuko meza ya mlangoni na kitabu cha stakabadhi, na anapokea fedha taslimu, za simu na ahadi. Ahadi ziandikwe na tarehe.