Ajali Ina Sheria

(Maneno yaliyosemwa Tanga na mtumishi wa Serikali, mwanafunzi wa zamani, mbele ya mkutano wa wahitimu)



Nimeombwa niseme kidogo juu ya sheria. Nimechagua haki ya abiria aliyeumia, kwa kuwa wengi wetu tumefika hapa kwa basi, na njia ya Segera twaijua. Februari 2023, wilayani Korogwe, Coaster iliyobeba maiti na waombolezaji kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro iligongana na Fuso, wakafa watu wasiopungua 17. Tulizika, tukasema, "Ajali haina kinga." Ni kweli, lakini ajali ina sheria.

Kwanza, tusichanganye faini na fidia. Dereva akishtakiwa kwa Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, mashtaka ni ya Jamhuri, na faini huingia Serikalini. Fidia hudaiwa kwa kesi ya madai, dhidi ya dereva pamoja na mwenye gari, kwani tajiri hubeba uzembe wa mtumishi wake aliye kazini. Hata hivyo, kesi ya jinai isidharauliwe: dereva akitiwa hatiani na rufaa zikaisha, hukumu ile ni ushahidi mzito katika madai.

Pili, bima. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, yakataza gari kutembea barabarani bila bima ya kuwalinda watu wengine, ile tuiitayo "bima ndogo". Zamani lilikuwapo Shirika la Bima la Taifa peke yake; leo makampuni ni mengi, na msimamizi wao ni TIRA. Hivyo basi, namba ya gari na jina la kampuni yaandikwe mapema, na kampuni ipewe taarifa kwa maandishi kabla ya kwenda mahakamani. Ikizungusha watu, yuko Msuluhishi wa Migogoro ya Bima aliyewekwa na sheria ya 2009.

Tatu, ushahidi. Mali bila daftari huisha bila habari. Wekeni tiketi, PF3, karatasi za hospitali, stakabadhi za dawa na za nauli. Maumivu na ulemavu mahakama huyapima yenyewe, lakini gharama za matibabu hailipi kwa kukisia. Anayepanda njiani, Muheza au Hale, akampa kondakta nauli bila tiketi, hajapoteza haki yake. Amejitwisha tu kazi ya kuthibitisha kwamba alikuwamo.

Nne, muda. Kwa Sheria ya Ukomo wa Madai ya 1971, madai ya namna hii hufunguliwa ndani ya miaka 3. Aliyefariki naye haki yake haizikwi pamoja naye: mjane, watoto na wazazi waliomtegemea waweza kudai.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi. Majeruhi angali wodini, mguu uko kwenye plasta, anafika mtu mwenye maneno matamu na bahasha. Ndani mna fedha za kutosha wiki chache, na karatasi, aghalabu ya Kiingereza, isemayo kwamba mpokeaji hana madai zaidi. Anatia dole gumba. Miezi sita baadaye daktari anamwambia mguu hautarudi kama zamani, naye amekwisha kuuza haki yake kwa bei ya nauli. Kupatana si kosa, na mara nyingi ni bora kuliko kesi ndefu; lakini mtu apatane akiisha kujua ukubwa wa jeraha lake.

Vijana, hapo ndipo penye kazi yenu. Katika nyumba nyingi ninyi ndio wasomaji. Baba mdogo au shangazi akiletewa karatasi, isomeni yote, mumfasirie, na mseme, "Tuachieni kwanza, tutajibu." Asiye na fedha ya wakili aelekezwe kwa wasaidizi wa kisheria, maana Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua.

Shule hii ilitufundisha kusoma. Tuwasomee na wenzetu.