Mwanao na Urithi Wake: Ushawishi wa Matangazo ya Shule katika Miteremko ya Kilimanjaro



Apandaye kutoka mjini Moshi kwenda Kibosho, Uru au Marangu hukutana na mabango ya shule binafsi. Maneno "English Medium" huandikwa kwa herufi kubwa. Lakini tangazo linapotaka kumwomba mzazi jambo, aghalabu hurejea kwenye Kiswahili: mlete, mwandalie, wahi. Mhadhara huu unauliza: kwa nini lugha inayoaminiwa kumshawishi mzazi haiaminiwi kumfundisha mwanawe?

Tangu Aristotle, wanabalagha hutofautisha njia tatu za kushawishi: sifa za msemaji, mantiki ya hoja na hisia za msikilizaji. Sifa hujengwa kwa jina la mtakatifu au la dhehebu. Katika mkoa ambao wamisionari wa Kikatoliki na wa Kilutheri walianzisha shule tangu karne ya 19, jina hilo halihitaji maelezo.

Mantiki hujengwa kwa matokeo ya mitihani. Mwezi Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania lilitangaza matokeo ya kidato cha nne bila orodha iliyozoeleka ya shule kumi bora. Hata hivyo, bango laweza bado kutaja waliopata daraja la kwanza bila kutaja waliochujwa kabla ya mtihani. Hapo takwimu ni kweli, lakini hoja ni pungufu.

Njia iliyo na nguvu zaidi ni hisia, nayo imo ndani ya sarufi. Tuchukue tungo "mwandalie mwanao". Kauli ya kutendea humfanya mtoto kuwa mfaidika na mzazi kuwa mtenda. Kimilikishi katika "mwanao" humtenga mzazi mmoja na jamii yake: si watoto wa kijiji, ni wako wewe. Anayesita huonekana kwamba amemnyima mwanawe, wala si kwamba amekataa bidhaa.

Neno linalofuata mara nyingi ni "urithi". Kwa Mchagga, urithi ulikuwa kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa ambalo baba humgawia mwana. Kahawa hiyo, iliyouzwa kupitia Chama Kikuu cha Ushirika cha KNCU kilichoanzishwa mwaka 1933, ilisomesha watoto wengi. Lakini vihamba vimegawanywa hadi havigawanyiki tena, na bei ya kahawa iliporomoka baada ya mgawo wa kimataifa wa mauzo kuvunjika mwaka 1989. Tangazo linapoiita elimu urithi, linagusa jeraha ambalo mzazi analo tayari.

Tusimdharau mzazi huyo. Elimu ya sekondari nchini hutolewa kwa Kiingereza, ilhali shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili. Hofu inayouzwa na bango haikubuniwa na bango. Imetokana na pengo hilo. Nami, niliyeishi kwa kufundisha Kiswahili, nililipa ada ili mwanangu afundishwe hesabu kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Nilizijua mbinu zote nilizozitaja, na bado zilinipata. Kuijua balagha hakumkingi mtu aliye na hofu ya haki.

Hivyo basi, kulaumu matangazo pekee hakutoshi. Wanafunzi wa isimu hawana budi kuyachambua mabango kama wachambuavyo tenzi, kisha wampe mzazi maswali matatu: nani anasema? Amekificha nini? Ananitisha kwa lipi? Na sisi wanataaluma tuna deni kubwa zaidi. Maadamu mtoto anavuka kutoka lugha moja ya kufundishia kwenda nyingine bila daraja, daima atakuwapo mfanyabiashara wa kumuuzia mzazi wake mtumbwi. Ajabu ni kwamba atamnadia kwa Kiswahili fasaha.