Mtu Aliyezipatanisha Saa



Mnamo tarehe 17 Januari, 2024, alifariki dunia huko Marekani mhandisi David L. Mills, akiwa na umri wa miaka 85. Hakuwa waziri wala tajiri, na walio wengi kati ya wale wanufaikao na kazi yake kila siku hawajapata kulisikia jina lake.

Mills alizaliwa California mwaka 1938 akiwa na ugonjwa wa macho. Upasuaji alipokuwa mtoto ulinusuru sehemu tu ya nuru ya jicho lake la kushoto. Mwalimu wake mmoja alimwambia kwamba kwa macho yale hatafika chuo kikuu. Walimu na walisikie hilo, kwani mwaka 1971 mtoto huyo alitunukiwa shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Michigan.

Kila kompyuta ina saa yake, nayo, kama saa yoyote, huenda mbio au hukawia. Benki yenye kompyuta mbili zisizopatana yaweza kuandika kwamba fedha zilitolewa saa tatu na kuwekwa saa tatu na dakika moja, hali ziliwekwa kwanza. Mwenye akiba asiye na kosa hugeuzwa mdaiwa.

Mills alianza kulishughulikia tatizo hilo mwishoni mwa miaka ya 1970, akiwa katika shirika la setilaiti la COMSAT. Mwaka 1985 alitangaza kanuni ziitwazo NTP. Kiini chake chaweza kuelezwa kwa mfano wa tarishi. Kompyuta humtuma saa yake ikisoma sekunde 0. Kompyuta kuu humpokea saa yake ikisoma sekunde 7, ikamrudisha sekunde ya 8. Akifika, saa ya nyumbani inasoma 5. Basi safari nzima ilichukua sekunde 5, moja ikapotea mapokezi, zikabaki 4 za njiani: 2 kwenda na 2 kurudi. Tarishi alipofika kule saa ya nyumbani ilisoma 2, na ile kuu 7. Ya nyumbani imechelewa kwa sekunde 5. Hesabu hiyo yategemea njia ya kwenda na ya kurudi ziwe sawa, na hazipo sawa daima. Kwa hiyo kompyuta huuliza saa kadhaa, ikazitupa zile zinazosema uongo.

Waswahili huanza kuhesabu saa alfajiri, Wazungu usiku wa manane. NTP haijali, huhesabu sekunde tupu tangu Januari 1, 1900.

Kanuni hizo Mills hakuzifanya bidhaa. Alizitoa bure, na kuanzia mwaka 1986 akaendelea kuziboresha katika Chuo Kikuu cha Delaware. Serikali, mabenki na makampuni makubwa ya dunia yanazitumia, lakini programu yake imetunzwa na watu wachache mno, kwa fedha kidogo. Hesabu ya sekunde ya awali itajaa Februari 7, 2036 na kuanza upya kwenye sifuri. Mitambo itakayokuwa haijatengenezwa kufikia siku hiyo yaweza kudhani imerudi mwaka 1900.