Usawa wa Mwanzo Hautoshi

Mada kwa viongozi wa walei, Singida



Ndugu wapendwa, sote tumepata kuketi chini ya mti tukiwatazama wazee wakicheza bao. Kete zote ni 64, na kila mchezaji ana haki ya 32. Aliyeshinda jana haongezewi kete leo. Mchezo ukiisha, kete hugawanywa upya. Ndiyo maana aliyefungwa hucheka na kuomba kucheza tena.

Vijana wetu wanayo michezo mingine ya akili, ambayo huchezwa kwa simu na kompyuta kwa njia ya intaneti, maelfu ya watu wakishindana pamoja. Mmojawapo ni Travian, ulioanzishwa Ujerumani mwaka 2004. Tumeona vema kuueleza hapa, kwa kuwa unaonyesha wazi jinsi tofauti ya mali inavyozaliwa.

Kila anayeingia hupewa kijiji kimoja chenye maeneo 18 ya kuzalisha mbao, udongo, chuma na nafaka. Lakini baada ya majuma machache wengine wana vijiji vingi na majeshi, na wengine wamebaki pale pale. Aliyetangulia ameshajenga, mwenye nafasi ya kukesha humshinda mwenye kazi, na mwenye fedha hununua "dhahabu" inayoongeza uzalishaji wake kwa asilimia 25. Kisha mwenye nguvu hutuma askari kuteka maghala ya wadogo, tena na tena. Katika lugha yao mnyonge huyo huitwa "shamba", maana huvunwa pasipo kupaliliwa.

Hata hivyo waliotunga mchezo huo waliona kwamba mambo yakiachwa hivyo wadogo watakimbia wote. Wakaweka kanuni mbili. Mgeni hulindwa asishambuliwe kwa siku zake za kwanza. Tena, kila dunia ya mchezo ina mwisho: likikamilika jengo kuu liitwalo Ajabu ya Dunia, kwa daraja la 100, shindano hufungwa, na katika dunia mpya wote huanza upya.

Je, hatukumbuki sura ya 25 ya Kitabu cha Walawi? Mwaka wa 50 ulikuwa wa Yubile: ardhi iliyouzwa kwa shida ilirudi kwa wenyewe, na waliojiuza utumwani waliachwa huru. Mungu hakukataza bidii. Alikataza ushindi wa baba uwe kifungo cha wajukuu wa aliyeshindwa.

Sasa tutazame kwetu. Mkulima wa alizeti anaishiwa chakula kabla ya mavuno. Anakopa, naye anaahidi magunia kwa bei ya chini yakiwa bado shambani. Mwenye ghala anangoja bei ipande. Mkulima wa vitunguu anajaziwa lumbesa, ingawa sheria ya vipimo inaikataza. Mwaka unaofuata anaanza akiwa na deni. Amekuwa "shamba" la mwenzake. Na katika maisha haya, ndugu, hakuna dunia mpya ya kuingia kwa kubonyeza kitufe. Watoto wake hawarudishiwi miaka waliyoikosa shuleni.

Tuseme kweli: baadhi ya wakopeshaji hao ni sisi tunaoketi viti vya mbele kanisani. Tunajitetea kwamba mkulima alikubali mwenyewe. Lakini Papa Paulo VI, katika waraka wa Populorum Progressio wa mwaka 1967, alifundisha kwamba wasipolingana nguvu wanaopatana, ridhaa peke yake haitoshi kuyafanya mapatano yawe ya haki. Mwenye njaa hukubali lolote.

Basi tufanye nini? Yubile yetu ianze katika Jumuiya Ndogo Ndogo. Tuweke akiba ya nafaka ya pamoja, ili mwenye upungufu akope gunia na kurudisha gunia. Tuuze pamoja, kwa mizani. Na aliyemfunga mwenzake kwa deni la namna hiyo amfungulie kabla ya kuikaribia altare.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya:

1. Nani kati yetu huuza mazao yakiwa bado shambani, na kwa nini?

2. Ni kanuni gani tunaweza kuiweka ili kumlinda anayeanza?

3. Je, mimi binafsi ninavuna nisipopalilia?

Mungu awabariki.