Mzazi Anayesita Chanjo: Yaliyomo Moyoni Mwake

Mada kwa wahudumu wa afya, walimu na viongozi wa dini, Bweni, Mafia

Tumezoea kusema kwamba mzazi anayekataa chanjo hana elimu. Sikubaliani na kauli hiyo. Mama anaweza kumpeleka mtoto mchanga kliniki kila mwezi bila kubembelezwa, kisha akamzuia binti yake kwenda shule siku ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Elimu yake haikupungua hapo katikati. Ameingiwa na hofu, na hofu hiyo ina sababu zake.

Chanjo hii ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Mwaka 2024 ikawa dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Wanachanjwa wasichana peke yao, katika umri wa kuvunja ungo, kwa ajili ya ugonjwa wa kizazi. Mzazi akiyaweka hayo pamoja na hakuna aliyemweleza sababu, uvumi kwamba ni dawa ya kufunga uzazi unapata pa kushika. Huku pwani hofu ya mgeni mwenye sindano ni ya zamani pia: enzi za ukoloni watu walisimuliana habari za mumiani, waliodaiwa kunyonya damu ya watu ili itengenezwe dawa. Na mwaka 2008 mkoani Morogoro vurugu zilizuka shuleni baada ya watoto kupewa dawa za kichocho na minyoo.

Lakini liko jambo zito zaidi ya uvumi. Mwaka 1990 wanasaikolojia Ilana Ritov na Jonathan Baron walionyesha kwamba watu wengi husita kumchanja mtoto ikiwa chanjo yenyewe yaweza kumdhuru, hata pale hatari ya ugonjwa inapokuwa kubwa zaidi. Mtoto akipata homa baada ya sindano, mama hujiambia, “Nimempeleka mwenyewe.” Saratani ikimpata binti huyo baada ya miaka thelathini, itaitwa kudra, wala hakuna atakayemnyooshea mama kidole. Takribani wanawake 10,000 nchini hugundulika na saratani hii kila mwaka, ila mzazi anayemtazama mwanafunzi wa darasa la tano akicheza haioni. Anachokiona ni sindano.

Tukumbuke pia UVIKO-19. Januari 2021 Rais Magufuli alizitilia shaka chanjo hadharani. Julai 28 mwaka huohuo Rais Samia akachanjwa mbele ya kamera. Aliyesita wakati ule tusimwite mkaidi. Alikuwa amewasikiliza viongozi wake.

Kwa Bweni, barua kwa wazazi siku moja kabla ya chanjo haitoshi. Napendekeza kikao kipangwe siku ambazo wavuvi wako nyumbani, maana baba asiyeulizwa hukataa kwa kutoulizwa tu, na bibi wa mtoto aitwe, kwa kuwa neno lake ndilo la mwisho katika nyumba nyingi. Azungumze muuguzi wanayemfahamu. Aseme waziwazi kwamba mkono utauma, homa inaweza kuja, wengine hupata kizunguzungu, hivyo binti ale kabla ya kuchanjwa na akae kidogo baada ya hapo. Aseme pia ni nani wa kugongewa mlango homa ikizidi usiku, kwa sababu hospitali ya Kilindoni iko mbali.