Ufunguo wa Bweni Uko kwa Nani?

Leo sizungumzi juu ya malaria wala chanjo. Nazungumza juu ya mlango wa bweni ambamo mtoto wako analala akiwa shuleni.

Huenda unajiuliza, muuguzi na milango wapi na wapi? Nitakueleza. Mtoto aliyeungua sehemu kubwa ya mwili, au aliyevuta moshi mwingi, akifika kwetu hospitalini kuna mengi ambayo hatuwezi tena kuyarekebisha. Dawa kubwa ya moto wa shule ni mtoto kutoka nje mapema. Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari.

Tukumbuke yaliyopita, si kwa kutishana bali kwa kujifunza. Mwezi wa Machi 1998, wasichana 26 walikufa katika bweni la shule ya Bombolulu, Kwale. Machi 2001, wavulana 67 walikufa katika shule ya Kyanguli, Machakos. Katika mikasa yote miwili kulikuwa na mlango uliofungwa na madirisha yenye vyuma. Septemba 2017, wasichana 10 walipoteza maisha katika shule ya Moi Girls, Nairobi. Na usiku wa tarehe 5 Septemba 2024, moto ulizuka katika bweni la Hillside Endarasha Academy, Nyeri, ukawaua wavulana 21.

Si kwamba nchi yetu haina mwongozo. Mwaka wa 2008, Wizara ya Elimu ilitoa kitabu cha viwango vya usalama shuleni. Kitabu hicho kinasema bweni liwe na mlango kila upande, na mlango mwingine wa dharura katikati. Milango ifunguke kwa nje, na isifungwe kutoka nje wakati wanafunzi wamo ndani. Madirisha yasiwe na vyuma. Kati ya kitanda na kitanda kuwe na nafasi ya mita 1.2, na njia ya kupitia isipungue mita 2.

Sasa mama, nikuambie jambo. Miaka michache iliyopita nilienda katika shule moja ya bweni kuwapa watoto dawa ya minyoo. Nilimwuliza mlezi wa bweni, "Usiku mlango hufungwa?" Akasema ndiyo, kwa kufuli. "Ufunguo hukaa wapi?" Akanionyesha nyumba yake, ng'ambo ya kiwanja cha mpira. Mlango wa dharura ulikuwepo, lakini ulikuwa umezibwa na masanduku ya wanafunzi. Nilipomweleza mwalimu, alinijibu kwa upole, "Sista, wazazi wenyewe ndio walitaka tufunge."

Nilinyamaza. Mimi mwenyewe, katika mkutano wa wazazi shuleni kwa mwanangu, nilikuwa nimepiga makofi tulipokubaliana madirisha yawekwe vyuma. Niliogopa wezi. Niliogopa watoto kutoroka usiku. Sikufikiria moto hata kidogo.

Hofu hiyo ni ya haki, hasa kwa sisi wenye mabinti. Lakini mwizi huzuiwa na ua imara, taa na mlinzi aliye macho. Mlango wa bweni uwe na komeo la ndani, ambalo hata mtoto mdogo kuliko wote anaweza kulivuta gizani. Kufuli ya nje haimlindi mtoto, humfunga.

Kwa hivyo, siku ya kuwatembelea watoto ikifika, usiishie kupeleka chapati na sabuni. Omba kuonyeshwa bweni, kisha uangalie na kuuliza mambo haya:

Kwanza, ufunguo uko kwa nani, na usiku mlango hufungwa vipi?

Pili, mlango wa dharura uko wapi? Unafunguka? Omba ufunguliwe mbele yako.

Tatu, je, vitanda vimesongamana hata mtu hawezi kupita? Kuna masanduku njiani?

Nne, mitungi ya kuzima moto iko wapi, na nani amefundishwa kuitumia?

Tano, mara ya mwisho watoto kufanya zoezi la kutoka bwenini ilikuwa lini? Zoezi hilo lifanywe kila muhula, na mara nyingine lifanywe usiku, kwa sababu usiku ndio mtoto hulala na ndio giza huwa nene. Mtoto mwenye ulemavu apangiwe mtu wa kumsaidia, na alale karibu na mlango.

Usiende kwa ugomvi. Zungumza na mwalimu mkuu kwa heshima. Ukiona hakuna badiliko, lipeleke jambo kwa chama cha wazazi na bodi ya shule, kisha kwa afisa wa elimu. Mama mmoja huweza kupuuzwa, lakini wazazi 20 wakisema kwa pamoja watasikizwa.

Hata kama mtoto wako anasoma shule ya kutwa, jambo hili linakuhusu. Februari 2020, watoto zaidi ya 10 walikufa katika msongamano kwenye ngazi za shule ya msingi ya Kakamega, na hapakuwa na moto wowote. Mtoto afundishwe kushuka ngazi bila kusukumana.

Nyumbani, wakati wa likizo, mfundishe mwanao haya. Popote anapolala, ajue njia mbili za kutoka. Akiona moto apige kelele, aamshe wenzake, atoke. Asirudi kuchukua kitu chochote, hata kiwe kipya namna gani. Moshi wa magodoro una sumu na hupanda juu, kwa hivyo atambae chini penye hewa. Nguo zikishika moto asikimbie. Asimame, alale chini, afunike uso kwa mikono na kujiviringisha. Akishatoka, aende mahali pa kukusanyika na kungoja kuitwa jina. Endarasha, makumi ya watoto hawakujulikana walipo kwa muda, kwa sababu wengine walikuwa wamechukuliwa na wazazi au wamekimbilia kwa majirani. Basi nawe mzazi, usimchukue mtoto kabla jina lake halijaandikwa.

Mtoto akiungua, mwagie jeraha maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usitumie barafu. Mvue bangili na viatu kabla hajavimba, lakini nguo iliyogandamana na ngozi usiivute. Usipake dawa ya meno, unga, yai wala mafuta. Usipasue malengelenge. Funika jeraha kwa leso safi, mfunike mwili wote asipate baridi, na umpeleke hospitalini. Mtoto anayekohoa, aliyekauka sauti au mwenye masizi puani apelekwe haraka hata kama ngozi yake haina jeraha, maana moshi huumiza mapafu kwa ndani. Piga simu ya dharura, 999 au 112.

Na yule aliyetoka salama pia anahitaji kutunzwa. Akikojoa kitandani, akiota ndoto mbaya au akikataa kurudi shuleni, usimpige wala kumcheka. Msikilize. Hali hiyo ikizidi wiki chache, mlete katika kituo cha afya.

Mama, mwanangu alipofungua shule muhula uliofuata, niliinua mkono tena katika mkutano wa wazazi. Safari hii niliomba vyuma vile viondolewe. Wengine walinung'unika, lakini tulizungumza hadi tukaelewana.

Siku ya kutembelea ijayo, uliza swali moja tu ukiwa huna nafasi ya kuuliza mengine: ufunguo uko kwa nani?

Ni mimi muuguzi wako wa afya ya jamii. Kwaheri, na Mungu awalinde watoto wetu.