Usiombe Upendeleo, Omba Haki: Sisi, Polisi na Wale Tuliowachagua

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi, Nyamarambe, baada ya swala ya Alasiri katika mwezi mtukufu wa Ramadhan)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, maswahaba zake na wote wanaofuata mwendo wake mpaka siku ya malipo.



Mada yenyewe ni raia na polisi. Najua kuna watakaosema, Ramadhan na polisi wapi na wapi? Tuambie habari za tarawehe, tuambie Laylatul Qadr. Nami nauliza: mtu aliyefunga akamwona jirani yake anapigwa bila kosa, akanyamaza, saumu yake imemfundisha nini? Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba asiyeacha uongo na matendo yake, Mwenyezi Mungu hana haja na kuacha kwake chakula na kinywaji. Na ametuonya tuiogope dua ya aliyedhulumiwa, maana hakuna pazia baina yake na Mola wake. Basi dhulma si habari ya siasa peke yake, ni habari ya dini.

Lakini tusiwe wadhalimu wa maneno. Si kila askari ni mbaya. Wako askari wanaokesha usiku ili sisi tulale, na wengine tunasimama nao safu moja msikitini. Kifungu cha 244 cha Katiba ya mwaka 2010 kinawataka polisi wazuie ufisadi, wawe wawazi na waheshimu haki za binadamu. Kumwajibisha askari, kwa hivyo, ni kumkumbusha kazi aliyoapa kuifanya.

TABIA YETU

Hebu tuchukue mfano. Kijana wa boda boda amekamatwa Ijumaa jioni. Hajaambiwa kosa lake. Amepigwa, na ametiwa seli. Nyumbani sisi tunafanya nini? Kwa kawaida tunafanya moja kati ya mambo mawili.

La kwanza, tunachanga pesa. Shangazi anatoa mia tano, mjomba anatoa elfu moja, tunapeleka “kitu kidogo” na kijana anatoka. Tunashukuru Mungu! Ndugu zangu, tunamshukuru Mungu kwa rushwa? Mtume (S.A.W.) amemlaani mtoaji na mpokeaji wote wawili. Na wiki ijayo kijana mwingine atakamatwa, kwa sababu tumeonyesha kwamba biashara ile inalipa.

La pili, tunatafuta namba ya mheshimiwa. “Tumpigie mbunge ampigie OCS.” Hili tunaliona jema kabisa, na ndilo nataka tulitazame vizuri.

Yuko mwanamke wa ukoo wa Makhzum, ukoo mkubwa katika Maquraishi, aliyeiba. Watu wake wakaona aibu, wakamtuma Usama bin Zayd, kipenzi cha Mtume (S.A.W.), akamwombee. Mtume alikasirika. Akasimama akawaeleza watu kwamba waliotangulia waliangamia kwa sababu mkubwa akiiba walimwacha, na mnyonge akiiba walimwadhibu. Na kwamba lau Fatuma binti yake mwenyewe angeiba, hukumu ingekuwa ile ile.

Sasa fikiria. Kijana mwenye jamaa anayejua namba ya mheshimiwa anatoka. Yule wa pili ndani ya seli ile ile, mtoto wa mjane asiyejua mtu, anabaki. Je, haki imetendeka, au tumechagua nani adhulumiwe? Katika Suratun Nisaa, aya ya 85, tunafundishwa kwamba mwenye kuombea jema hupata fungu lake, na mwenye kuombea baya hubeba sehemu ya mzigo wake. Basi kuombeana kupo. Swali ni tunaombea nini.

Na sheria ya nchi nayo imeweka mpaka. Kifungu cha 245 cha Katiba kinasema hakuna mtu wa kumwamuru Inspekta Jenerali wa polisi amchunguze nani au amwache nani. Mbunge akipiga simu kutaka fulani aachiliwe, anaomba asichoruhusiwa kuamrisha. Lakini mbunge yule yule akisimama Bungeni kuuliza kwa nini raia wanapigwa ndani ya seli, hapo anafanya kazi tuliyomwajiri.

NANI ANAFANYA NINI

Mwaka wa uchaguzi unapewa karatasi sita. Ukishapiga kura unadhani umemaliza. La, ndipo umeanza. Mimi nasoma chuo kikuu, na nimekuta wasomi wenzangu wasiojua karatasi zile zina uhusiano gani na polisi. Basi tuelezane.

Mbunge wako na mwakilishi wa wanawake wa kaunti wanakaa katika Bunge la Kitaifa. Wanaweza kumuuliza waziri anayehusika na usalama wa ndani maswali, na tangu mwaka 2023 mawaziri hufika wenyewe mbele ya Bunge kujibu. Bunge hilo ndilo linalopitisha pesa za polisi, na pia pesa za IPOA, Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. IPOA inachunguza vifo na majeraha mabaya yanayotokana na polisi, na malalamiko kwake ni bure. Lakini mchunguzi asiye na gari wala mafuta atafikaje Moticho au Tabaka? Basi kumwandikia mbunge juu ya bajeti ya IPOA ni kumtetea yule kijana wa boda boda.

Seneta naye anaweza kutaka taarifa rasmi katika Seneti, na kamati inaweza kuwaita wakuu wa polisi.

Gavana na MCA hawana amri juu ya polisi, hilo ni kweli. Lakini kifungu cha 41 cha Sheria ya Huduma ya Polisi ya mwaka 2011 kinataka kila kaunti iwe na Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, mwenyekiti wake akiwa gavana au mjumbe wa kamati yake kuu. Humo wamo wawakilishi wawili waliochaguliwa na bunge la kaunti, na zimo nafasi za mashirika ya dini, wanawake, na vijana. Sikilizeni vizuri: dini na vijana! Mkimwona MCA wenu msikitini siku ya Idd amekuja kusalimia, msimwombe tenti na viti tu. Mwulizeni: mamlaka hiyo katika kaunti yetu inakutana lini, na nani anatuwakilisha?

JE, INASAIDIA?

Kuna wanaosema ni kupoteza karatasi. Natoa mfano wa karibu, majirani zetu wa Homa Bay. Tarehe 7 Juni 2025, Albert Ojwang, mwalimu na mwandishi wa mitandaoni, alikamatwa huko akapelekwa Nairobi, kituo cha Central. Hakuiona tena jua la nyumbani. Polisi walisema alijigonga ukutani. Baba yake mzazi na wananchi hawakukubali. Madaktari wakachunguza mwili, wakakuta majeraha yasiyolingana na hadithi ile. Tarehe 11 Juni, siku chache tu baada ya kifo, Inspekta Jenerali Douglas Kanja alisimama mbele ya Seneti, akaulizwa, akaiondoa kauli ya kwanza na kuomba radhi. Mwezi ule ule watu sita, wakiwemo maafisa wa polisi, walifikishwa mahakamani kwa shtaka la mauaji. Hukumu ni kazi ya mahakama, si yangu. Ninachotaka ulione ni hili: uongo ulioambiwa taifa ulirudishwa kwa sababu waliochaguliwa waliuliza, na waliochaguliwa waliuliza kwa sababu raia walipiga kelele.

Sisemi njia hii ni nyepesi. Mwaka 2015 dereva wa boda boda Josephat Mwenda alipigwa risasi na polisi, akapeleka malalamiko IPOA. Mwezi Juni 2016 yeye, wakili wake Willie Kimani na dereva wa teksi Joseph Muiruri walitekwa wakitoka mahakamani Mavoko, wakauawa. Mawakili na raia waliandamana. Kesi ilichukua miaka sita. Julai 2022 maafisa watatu wa polisi na raia mmoja walipatikana na hatia, na Februari 2023 wakahukumiwa. Hapa tunajifunza mawili: subira, na kutomwacha mlalamikaji akatembea peke yake.

Katika hilo tunao mfano mwema. Kabla ya utume, pale Makka, mfanyabiashara mgeni kutoka Yemen alidhulumiwa mali yake na mkubwa mmoja wa Maquraishi. Watu wakakusanyika wakaapa kusimama na kila aliyedhulumiwa mpaka apate haki yake. Kiapo kile kinaitwa Hilful Fudhul. Mtume (S.A.W.) alihudhuria, na baada ya Uislamu akasema lau angeitwa tena kwa jambo kama lile angeitika. Na wale walioapa hawakuwa Waislamu. Sisi Waislamu wa huku Gusii ni wachache. Basi tusaini barua pamoja na majirani zetu Waadventista na Wakatoliki. Rungu halimuulizi mtu dini yake.

BARUA YENYEWE

Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ardhilhali kwa mamlaka ya umma, na cha 119 haki ya kuipeleka Bungeni. Sheria ya mwaka 2012 inaeleza utaratibu, na wala si mgumu. Iandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili. Inaweza kuandikwa kwa mkono, isiwe na kufutafuta. Lugha iwe ya heshima. Useme kama umeshapeleka jambo hilo penginepo, na kama liko mahakamani. Mwisho ueleze wazi unachoomba. Weka jina, anwani, namba ya kitambulisho, na sahihi. Bibi asiyejua kuandika aweke kidole gumba. Sheria inamhesabu sawa na profesa.

Kabla ya barua, kusanya ushahidi. Ripoti kituoni na udai namba ya OB. Jeraha lionwe na daktari na fomu ya P3 ijazwe. Andika tarehe, saa, mahali, na namba ya askari kama uliiona. Ukilipa dhamana ya pesa taslimu, dai risiti. Na ujue kifungu cha 49: aliyekamatwa aambiwe sababu kwa lugha anayoielewa, aruhusiwe kuwasiliana na wakili au jamaa, na afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya kwanza ya mahakama ikiwa muda huo umeangukia siku ya mapumziko. Weka nakala ya kila kitu. Isipojibiwa, andika tena na uitaje barua ya kwanza kwa tarehe yake.

Na usiongeze chumvi. Watu wa Kufa walimlalamikia Sayyidna Umar (R.A.) juu ya gavana wao, Saad bin Abi Waqqas (R.A.). Saad ni swahaba mkubwa, lakini Umar hakusema huyu ni mtu wetu tumwache. Alimwondoa katika kazi, akatuma watu wazunguke msikiti hadi msikiti wakiulizia habari zake. Kote alisifiwa, mpaka msikiti mmoja alipoinuka mtu akamzulia uongo. Saad akamwombea Mungu dhidi yake, na yule mtu akaishia pabaya. Serikali ya haki huuliza hata juu ya mwema, na mlalamikaji mwongo naye ni dhalimu.

TUSIPOFANYA HIVI

Wazee waliopo hapa wanaikumbuka Sungusungu. Wananchi walichoka na wezi, wakachoka na polisi wasiokuja, wakaunda vikundi vya kujilinda. Mwanzo watu walishangilia. Halafu vikundi vikawa vinahukumu usiku, vikatumiwa kulipizana visasi, na watu wakauawa bila kusikilizwa. Polisi wasioulizwa huleta raia wasioamini sheria, na hapo mnyonge anapigwa pande zote mbili. Kijana mwenzangu, kurusha jiwe ni dakika moja na kunampa askari sababu. Barua yenye sahihi mia mbili haipigwi mabomu ya machozi.

Basi katika siku hizi zilizobaki za Ramadhan nakuomba jambo moja. Keti na jamaa zako baada ya futari, mwandike barua moja. Si ya kutaka mtoto wa fulani aachiliwe. Iwe ya kutaka watoto wote watendewe kwa sheria, wa kwetu na wa wale wasiojua mtu. Suratun Nisaa, aya ya 135, inatutaka tusimamie uadilifu hata kama ni dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu. Pengine hilo ndilo gumu kuliko kumkabili OCS.

Ewe Mola wetu, zikubali saumu zetu na visimamo vyetu. Wape askari wetu hofu yako kabla ya hofu ya wakubwa wao. Wape tuliowachagua masikio ya kusikia. Wape subira waliofiwa na watoto wao. Na utujaalie tusiwe wenye kudhulumu wala wenye kunyamazia dhulma. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.